Tanga Lililonyooshwa

Kitu cha kwanza alichokiona Hidaya ni kwamba kitambaa kilikataa kulala.

Walikuwa wamekitandaza kwenye korido ya Galerie d'Ixelles, jumba la maduka la mtaa wa Matonge, Bruxelles, Jumatatu asubuhi kabla saluni hazijafunguliwa, kuanzia mlango wa duka la ushonaji la baba yake mpaka chini ya ngazi. Kilikuwa kizito, rangi ya chai ya maziwa, kimeungwa kwa vipande kumi na vitatu vilivyopangwa kama mbao za mlango, na katikati kilikuwa kimepasuka hata mtu mzima angeweza kupita bila kuinama. Mpasuko kila mtu aliuona. Hidaya alikuwa anatazama jambo jingine. Ukibonyeza huku, kinapanda kule. Ukivuta pembe, katikati kinaumuka kama unga wa maandazi.

"Aliyeshona hii alikuwa amelewa," alisema Zuberi, baba yake, akiwa amepiga magoti juu ya kitambaa bila viatu. "Tazama tumbo! Muntu anatoka Angleterre mpaka hapa na tumbo kama hili, hata haya hana."

"Papa Zuberi, utasema tumbo ya bengine na yako utaiweka wapi?" Mathilde alimjibu kutoka mlango wa saluni yake, ufagio mkononi. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, na sauti yake ilifika mtaani kabla yake. "Alors, unitolee hii kintu mbele ya neuf heures, saa tatu hii. Baclients bangu batapita wapi?"

"Watapita juu yake. Bila viatu. Kama hoteli kubwa."

Kitambaa kile kilikuwa tanga la meli ya Kiingereza iliyofunga bandarini, kule chini ya daraja la Van Praet. Meli hiyo, Constance Pell, haikuwa na injini. Ilibeba mizigo kwa upepo mtupu, chumvi na mafuta ya zeituni ikija, bia na chokoleti ikirudi, kwa ajili ya watu wanaopenda kununua vitu vilivyosafiri bila moshi. Tanga la mbele lilikuwa limepasuka baharini. Mafundi wa matanga wa mji wa Anvers walisema wasubiriwe mpaka Agosti, na meli ilikuwa iondoke Alhamisi saa tano, daraja litakapoinuliwa. Ndipo Abdallah, Mtanzania wa Lindi aliyekuwa msaidizi wa nahodha, akazunguka maduka yote ya Matonge akiuliza nani ana mashine nzito ya kushonea. Wote wakamwelekeza kwa Zuberi, ambaye kule Buyenzi, Bujumbura, alikuwa amevisha turubai nusu ya malori ya mji.

Mashine ya turubai bado alikuwa nayo. Ilijaza robo ya duka. Mkewe aliiita mke mwenza.

Tanga hilo lilikuja wakati duka lenyewe linakaribia kufa. Zamani watu walileta suti. Siku hizi walileta zipu, tena wanauliza kama zipu mpya haigharimu kuliko suruali. Mama Hidaya, aliyekuwa anahudumia wazee katika nyumba moja ya Auderghem, alikuwa amemtafutia mumewe nafasi kwenye chumba cha kufulia nguo hukohuko. Zuberi alikuwa amekubali. Tarehe thelathini arudishe ufunguo wa duka. Lakini nahodha wa Constance Pell alikuwa ametuma neno kwa mdomo wa Abdallah: tanga hili likitoka vizuri, mengine matano yatakuja Novemba, meli itakapopumzika, na baada ya hapo kila mwaka.

"Donc, tutawapa zawadi," Zuberi alisema. "Tunabadilisha vipande viwili vilivyopasuka, halafu tunafumua na kunyoosha mishono yote, bure. Turubai yenye tumbo inashika maji. Maji yanaozesha. Tajiri wa lori anakuja dukani na polisi. Nitalilaza hili mpaka ungedhani ni meza."

Hidaya alikuwa ameshapima kwa vidole. Katikati ya tanga kila kipande kilipanda juu ya mwenzake kwa upana wa kidole kimoja. Ukikaribia ukingo, upana ule uliongezeka polepole, vidole viwili, mpaka vitatu. Mishono kumi na miwili, yote hivyohivyo. Mlevi hakosei mara kumi na mbili kwa kipimo kilekile. Ilimkumbusha mapindo ya kifuani ambayo yeye mwenyewe huyashona kwenye magauni ya harusi, ili kitambaa kipate mahali pa kumkalisha mtu.

"Baba," alisema.

"Naam?"

"Hii mishono..."

"Enhe?"

Mathilde alikuwa amegeuka. Wateja wawili waliowahi nao walikuwa wamegeuka. Hata mwenye duka la simu alikuwa ametoa kichwa. Hidaya akahisi masikio yanawaka.

"Hapana. Ni mirefu."

"Mirefu sana!" Zuberi akafurahi. "Ndiyo sababu tuko wawili."

*

Jioni Mama Hidaya alirudi kutoka Auderghem, akavua viatu na kuuliza, "Mke mwenza ameshindaje?"

"Ameshona kama malaika," Zuberi alisema, mdomo umejaa wali. "Hakukata uzi hata mara moja. Nimemwambia, vieille, bibi kizee wangu, ulikuwa unajificha wapi?"

"Mwambie akuage. Kule kazini kwetu mashine ina kitufe kimoja. Unabonyeza, unakaa, unakunywa kahawa."

"Na nikishabonyeza, muntu ataangalia shuka na kusema, hili limefuliwa na Zuberi?"

"Hakuna atakayesema."

"Ndiyo maana nauliza."

Mkewe alimwongezea mchuzi. Hakuwa mwanamke mgumu; alikuwa amechoka tu kumwona mumewe akikaa mlangoni mwa duka akisalimia wapita njia wa Chaussée d'Ixelles kana kwamba wamekuja kwake. Akamgeukia binti.

"Na wewe, duka likifungwa? Commune, watu wa manispaa, wana mafunzo ya usafi. Wanafundisha na kusoma, kidogo kidogo, na watu wazima wenzako."

Hidaya aliacha shule mwaka wa tatu, na tangu hapo kila bahasha ya ofisi yenye dirisha la plastiki ilimtoa jasho. Sindano haikuwahi kumuuliza karatasi. Alichukua sahani ya baba yake kwenda kuiosha, ingawa bado alikuwa anakula.

"Eh! Wali wangu!"

*

Jumatano adhuhuri tanga lilikuwa tayari. Lilipotandazwa koridoni lililala kimya, bapa, bila hata kikunjo. Zuberi aliweka glasi ya chai katikati, na chai haikutikisika. Mathilde akapiga vigelegele, wateja wakapiga makofi na karatasi za kutilia rangi nywele zikiwa bado vichwani mwao, na mwenye duka la simu akapiga picha.

Gari hawakuwa nalo. Walilikunja tanga kama gogo, Zuberi mbele, Hidaya nyuma, na Mathilde, aliyefunga saluni kwa nusu siku kwa sababu hakutaka kuhadithiwa, akashika katikati. Metro mpaka Rogier, halafu tramu. Ndani ya tramu bibi mmoja mwenye mbwa aliuliza zulia ni bei gani.

"Si zulia, madame. Ni tanga la meli."

Bibi akacheka kwa upole, kama watu wanavyowacheka watoto. "Bruxelles hakuna bahari, bwana."

"Tunaipelekea iliko," alisema Zuberi.

Hidaya aliuinamisha uso kwenye kitambaa ili asionekane akicheka.

Pale gatini walisimama wote watatu. Milingoti miwili ilipanda juu kuliko miti ya ng'ambo, na kamba zilikuwa nyingi kiasi kwamba Mathilde akasema huyu muntu aliyesuka hii kichwa anastahili kulipwa. Juu ya sitaha mabaharia saba, wanaume kwa wanawake, mikono myeusi kwa lami, walikuwa wanavuta kamba moja kwa pamoja, wakihesabu kwa sauti, na pipa la bia likapanda hewani, likazunguka, likashuka taratibu kwenye tumbo la meli. Kisha jingine. Hakuna mashine iliyonguruma. Mpishi alikuwa amekaa juu ya ndoo akimenya viazi. Kengele ikagongwa, wanne wakaacha kamba bila neno na kwenda kulala, na wanne wengine, nywele zimesimama, wakatoka chini na kushika palepale.

"Ndiyo maisha yetu," Abdallah aliwaambia akiwasaidia kuvuka ubao. "Kazi kwa zamu, kila zamu masaa manne. Nahodha mwenyewe anasugua sitaha. Karibuni, shikamoo mzee."

"Marahaba. Injini iko wapi?"

"Mahali pa injini tumeweka viazi."

Nahodha alikuwa mama mfupi wa makamo, Morwenna, uso umechomwa na jua mpaka kope. Alimpa Zuberi mkono, akapitisha kidole kwenye mshono mpya na kuinamisha kichwa kwa heshima. Kazi safi, hilo halikuhitaji mkalimani. Wakafunga tanga mahali pake na kulipandisha. Upepo ulikuwa mwepesi, ukitoka upande wa mji.

Tanga likasimama kama ubao. Upepo ukaligusa, ukateleza ukingoni, ukaenda zake. Tanga likapigapiga, pa-pa-pa, kama nguo kwenye kamba ya kuanikia. Waliokuwa wanavuta waliacha kuvuta. Baharia mmoja akacheka puani, mwenzake akamkanyaga mguu.

Nahodha alisema maneno machache ya Kiingereza. Abdallah aliangalia viatu vyake.

"Anasema nini?" Zuberi aliuliza, bado anatabasamu.

"Anasema... mshono ni mzuri sana, mzee. Ila liko flat kidogo."

"Si kidogo! Ni flat kabisa. Nimelinyoosha lote. Mwambie ni bure."

"Ndiyo, mzee." Abdallah akamwonyesha katikati ya tanga. "Lile tumbo ndilo kazi ya tanga. Upepo unakaa mle. Bila tumbo, halivuti meli."

Tabasamu la Zuberi lilibaki usoni muda mrefu kidogo kuliko lilivyostahili, kama taa iliyosahauliwa mchana. Nahodha alisema hana lawama. Kosa ni lake kwa kutoeleza, atalipa kazi yote, na wataondoka kesho na tanga dogo la zamani, watachelewa siku mbili tatu, si neno. Kuhusu Novemba hakusema chochote. Zuberi akavua kofia, akaikunguta ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena.

"Bon," alisema. "Twende nyumbani."

"Eh, papa Zuberi," Mathilde alisema, akamshika kiwiko.

Hidaya alikuwa ameshika ukingo wa tanga lililoshushwa. Aliona mgongo wa baba yake ukielekea ubaoni.

"Matundu yapo," alisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Abdallah. "Unasemaje, dada?"

"Matundu ya sindano." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Ya mshono wa zamani. Hayajazibika. Ukifuata matundu, tumbo linarudi. Na si lazima kufumua yote. Katikati hapakubadilika. Ni hapa tu, mwisho wa kila mshono, urefu wa mkono mmoja, huku na huku."

"Na vile vipande viwili vipya?" Zuberi alikuwa amegeuka. "Vile havina matundu."

"Kidole kimoja, viwili, vitatu," Hidaya alisema. "Nilipima."

Baba yake alimtazama. Akamtazama tena. Kisha akatoa wembe kwenye mfuko wa shati na kuuliza, "Tunaanza mshono gani, chef, bosi wangu?"

*

Mashine ilikuwa Ixelles, kwa hiyo walishona kwa mkono, kama mabaharia wanavyoshona wakiwa baharini. Abdallah aliwagawia sindano za pembe tatu na viganja vya ngozi, ambavyo vina kipande cha chuma cha kusukumia sindano. Walikaa mstari mmoja juu ya sitaha, tanga likiwafunika mapaja kama blanketi moja la familia kubwa. Zuberi alifumua, na hakuna baharia aliyemfikia kwa kasi. Aliyemcheka puani ndiye aliyepewa kazi ya kuokota nyuzi zake. Hidaya alipita nyuma yao na chaki, akipima kwa vidole vyake, si vya mtu mwingine, maana kila mtu ana vidole vyake. Alipoona mshono umekwenda kando aligonga bega. Hakujua Kiingereza, na kugonga bega kulitosha. Nahodha alifumulishwa mara mbili.

"Boss mukali," Mathilde alisema. Yeye hakushona, alikaa juu ya pipa akimsuka baharia mmoja wa kike mistari minne, ili nywele zisimpeperukie machoni. Walipotaka kumlipa akasema hii ni publicité, tangazo ya saluni.

Ilipofika alasiri Zuberi aliulizia kibla. Abdallah akampeleka kwenye dira ya meli, ya shaba, kubwa kama sufuria.

"Miaka yote nakadiria kwa jengo la benki," Zuberi alisema baada ya kutoa salamu, akikunja koti lake alilotandika kuswalia. "Leo nimeswali kama profesa."

Mama Hidaya alifika kutoka kazini na sufuria la maharage na sambusa, akiwa amepigiwa simu na Mathilde na kuambiwa mumewe amekuwa baharia. Alisimama gatini akitazama juu. Aliona mumewe anacheka na watu ambao hawajui lugha yake. Aliona binti yake, ambaye huomba mtu mwingine amuulizie dereva kituo, akimnyang'anya sindano mama wa Kiingereza na kumwonyesha upya.

"Yule ni nahodha," Abdallah alimnong'oneza.

"Yupi kati yao?" alisema Mama Hidaya.

Ulikuwa mwezi wa Juni, jua halina haraka. Walimaliza likiwa bado juu ya mapaa ya Laeken. Tanga halikutaka tena kulala. Lilivimba juu ya sitaha, na mpishi alipoweka kikombe juu yake kwa mzaha, kikabiringika mpaka kikaanguka ndani ya viazi.

*

Asubuhi ya Alhamisi familia nzima ilikuwa gatini, Mama Hidaya akiwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Daraja lilianza kuita kwa king'ora. Mabaharia wakapanga mstari kwenye kamba, wakahesabu, na tanga la mbele likapanda.

Upepo ulikuwa mdogo kuliko jana. Tanga likatetemeka mara moja, likaujaribu, likaupokea. Likajaa polepole kutoka chini kwenda juu, duara, bila sauti. Na kamba nene zilizoishika meli gatini, ambazo zilikuwa zimelala majini tangu wiki iliyopita, zikanyanyuka, zikakaza, zikadondosha maji.

"Inataka kwenda!" Mathilde alipiga kelele. "Mungu wangu, inataka kwenda!"

Zuberi alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alikuwa analia kidogo na hakujali.

Nahodha alikuja ukingoni na daftari la meli, akamwambia Abdallah jambo, na Abdallah akaharakisha kutafsiri kwa furaha hata akajikwaa.

"Anasema matanga matano, Novemba! Anataka jina la fundi na anwani ya kumwandikia. Haraka mzee, daraja halisubiri."

Zuberi alifungua mdomo. Akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia maji.

"Abdallah, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nimeshatoa neno Auderghem. Tarehe thelathini narudisha ufunguo. Kule ni kazi ya kila siku, hii ni ya Novemba. Sijui nimpe jina gani. Novemba mlango ule utakuwa wa muntu mwengine."

Kamba ya kwanza ilitupwa. Abdallah alibaki na kalamu hewani, akiwatazama mmoja mmoja. Pua ya meli ilianza kujitenga na gati, upana wa kiganja, upana wa hatua. Nahodha aliuliza tena, mkono sikioni. Watu walikuwa wengi, wapita njia, wenye baiskeli, wafanyakazi wa bandari, wote wamesimama kutazama tanga, na Hidaya alijua kwamba akisema sasa itabidi apaze sauti mpaka ivuke maji, na kila mmoja wao atageuka.

"Andika Hidaya!" alipaza. "Hidaya Zuberi, Galerie d'Ixelles!"

Wote waligeuka. Abdallah aliandika juu ya goti lake. Hidaya akamgeukia baba yake, masikio yanawaka, na hakuyaficha.

"Wewe nenda Auderghem, baba. Ufunguo usiurudishe. Ninalitaka mimi duka."